Wiki ya siku nne, saa 40: kinachopunguzwa hasa ni nini?

Kila baada ya miezi michache ujumbe wa aina moja huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: Iceland wameacha kazi za Ijumaa, Ubelgiji ni siku nne tu, Rwanda wamepunguza saa. Chini yake maswali ni yale yale. Mshahara je? Na sisi lini? Habari hizo tatu husomwa kama habari moja, na mkanganyiko unaanzia hapo. Ubelgiji haikupunguza hata dakika. Iceland ilipunguza saa, lakini wafanyakazi wake wengi bado huingia kazini siku tano. Rwanda ilipunguza saa na haikugusa idadi ya siku.

Ukiambiwa saa za kazi zimepunguzwa mahali fulani, tafuta namba tatu: siku ngapi, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Kilo tano za unga ukizigawa kwenye mifuko mitano au minne, unga ni ule ule; mifuko minne imeshiba zaidi, basi. Sheria ya Ubelgiji ya Novemba 2022 iko hivyo. Mfanyakazi anaweza kuomba amalize saa zake zote za wiki, 38 au 40, kwa siku nne. Siku moja inabaki huru, na hizo nne zinarefuka hadi saa tisa na nusu au kumi. Faida yake ipo. Kwa mtu anayetoka Mbagala kwenda Posta, au Kitengela kwenda katikati ya Nairobi, safari mbili za foleni kila wiki zimeondoka, na muda wa safari hauhesabiwi kuwa kazi. Ila huko ni kubana wiki, si kupunguza kazi.

Sasa maneno mawili ambayo bila kuyatenganisha hesabu zote huvurugika. Kuna saa za kawaida na kuna ukomo. Saa za kawaida ni zile ambazo mshahara wako wa msingi unazilipia. Ukizivuka unaingia saa za ziada, yaani ovataimu, na bei ya saa inapanda. Ukomo ni pale ambapo hata kwa malipo huruhusiwi kuendelea. Wateja wadogo wa LUKU wanaujua mpango huu: uniti 75 za mwanzo za mwezi zina bei ndogo, ukizivuka umeme haukatiki, ila bei ya uniti hupanda. Saa za kawaida ni hizo uniti 75.

Ndiyo maana si kweli kwamba Ufaransa ni marufuku kufanya kazi zaidi ya saa 35. Sheria mbili zilizosukumwa na waziri wa kazi Martine Aubry, ya 1998 na ya 2000, ziliweka 35 kuwa mahali bei inapopanda. Saa nane za kwanza za ziada huongezwa asilimia 25, zinazofuata asilimia 50, isipokuwa makubaliano ya sekta au kampuni yaweke kiwango kingine. Wafaransa wengi wa ajira ya muda wote huvuka 35 kila wiki, na wanalipwa kwa kuvuka.

Tanzania Bara, mambo haya yako kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. (Zanzibar ina sheria yake, Na. 11 ya 2005.) Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na siku za kazi hazizidi 6. Mpangilio ulioenea ni saa nane Jumatatu hadi Ijumaa na saa tano Jumamosi. Ziada hufanywa kwa makubaliano na hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Ukomo wa ziada ni saa 50 katika kila wiki nne, na siku moja haipaswi kuzidi saa 12, ziada ikiwemo. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kila saa huongezwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Sikukuu, na saa zinazofanywa ndani ya mapumziko ya wiki, hulipwa mara mbili.

Wapo wasiohusika na vifungu hivi vya saa: wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Masharti hayo mawili lazima yatimie pamoja. Kupewa jina la supavaiza bila mamlaka yake hakumwondolei mtu ovataimu.

Bei ya saa yako hupatikana hivi. Chukua mshahara wa msingi wa mwezi, bila marupurupu. Gawa kwa 4.333, ambayo ni wastani wa wiki katika mwezi. Kisha gawa kwa saa zako za kawaida za wiki. Kwa anayefanya saa 45, mwezi una saa 195 hivi. Mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 unatoa shilingi 2,000 kwa saa. Ovataimu ni 3,000, sikukuu ni 4,000, na saa ya kawaida ya usiku ni 2,100. Kosa linalojirudia sana ni kugawa mshahara kwa siku 30 na kisha kwa saa 24, kana kwamba mtu ameajiriwa hata akiwa amelala. Kwa hesabu hiyo mbovu saa ya mtu yule yule inageuka kama shilingi 542.

Ukishaipata bei hii, maana ya kupunguza saa inajifungua yenyewe. Tuseme wiki imeshuka kutoka 45 hadi 40 na mshahara umebaki 390,000. Mwezi sasa una saa 173.3, na kila saa ina thamani ya shilingi 2,250. Hilo ni ongezeko la asilimia 12.5 kwa saa, na ovataimu imepanda hadi 3,375. Mshahara ukishuka pamoja na saa, mtu anabaki na takriban 346,600, na alichopewa ni ajira ya muda mfupi zaidi iliyobatizwa jina zuri. Ugomvi wote wa vyama vya wafanyakazi na waajiri duniani kuhusu saa za kazi uko kati ya namba hizi mbili. Tangazo likisema saa zimepungua bila kutaja mshahara, halijasema kitu.

Inafaa kutofautisha pia kazi za aina mbili. Kuna kazi ya kumaliza: ripoti, hesabu za mwezi, kushona, kutengeneza gari. Ikipangwa vizuri unaweza kuimaliza mapema. Na kuna kazi ya kuwepo: mlinzi getini, muuguzi wodini, mpokeaji wa simu za dharura. Hapo kasi haisaidii. Geti halilindwi haraka zaidi.

Tuliangalie geti hilo kwa karibu, maana ndipo watu wengi wanapoumia. Lindo moja la usiku na mchana lina saa 168 kwa wiki, yaani 24 mara 7. Mtindo uliozoeleka ni walinzi wawili wanaopokezana saa 12 kwa 12. Kila mmoja anafanya saa 84. Toa 45 za kawaida, zinabaki 39 za ziada kwa wiki, au 156 kwa wiki nne. Ukomo ni 50. Hata akipewa siku moja ya kupumzika bado anafanya saa 72, na ziada ni 108 kwa wiki nne. Mwajiri husema kuna saa moja ya chakula isiyohesabiwa. Sheria inatoa dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na kweli mapumziko hayo si lazima yalipwe, lakini si kwa mtu anayetakiwa kuendelea na kazi au kuwa tayari kwa kazi wakati huo. Mlinzi aliye peke yake anakula huku akifungua geti. Saa yake ya chakula ni saa ya kazi.

Tulipie lindo hilo kama sheria inavyotaka, kwa mshahara wetu wa 390,000. Walinzi wawili wa saa 84: kila mmoja saa 45 za kawaida na 39 za mara moja na nusu. Kwa mwezi jumla ni kama shilingi 1,794,000, na mpango wenyewe si halali. Walinzi watatu wa saa 56: ziada ni 11 kwa wiki, yaani 44 kwa wiki nne, kwa hiyo ukomo haujavukwa. Jumla ni kama 1,599,000. Walinzi wanne wa saa 42, wote wakilipwa mshahara kamili bila ovataimu yoyote: 1,560,000.

Wanne ni nafuu kuliko wawili. Bila shaka kuna gharama ambazo hesabu hii imeziacha, kama michango ya hifadhi ya jamii, sare, likizo, malipo ya usiku na sikukuu, na mtu wa kuziba nafasi mwenzake akiugua. Hata hivyo picha haifichiki. Kilichowafanya wawili waonekane rahisi ni kwamba wanalipwa 780,000 na ovataimu yao hailipwi. Saa zisipolipwa, hakuna mwenye sababu ya kuzipunguza. Saa hushuka pale ambapo saa ya 46 inamgharimu mtu aliyeiagiza. Kwa mlinzi wa saa 84, mageuzi makubwa kuliko wiki yoyote ya siku nne ni kufikishiwa hizo 45 zilizoandikwa tangu 2004.

Majirani wana namba zao. Kenya, kanuni za jumla za mishahara zinaweka saa za kawaida 52 kwa siku sita, na mshahara wa msingi hugawanywa kwa 225 kupata bei ya saa. Aliye na shilingi 22,500 za Kenya ana saa ya shilingi 100 na ovataimu ya 150. Wa usiku hali yao ni ngumu zaidi, kwa kuwa saa zao za kawaida ni 60, na ukomo wa kawaida na ziada kwa pamoja ni 144 katika wiki mbili. Zamu za saa 12 kwa siku sita, wiki mbili mfululizo, zinafika 144 kamili. Yaani kinachokatazwa Dar es Salaam kinaingia ndani ya kanuni hizo za jumla kwa mfanyakazi wa usiku wa Mombasa. Uganda ni 48, Congo ya Kinshasa ni 45. Rwanda, Baraza la Mawaziri liliamua Novemba 2022 na kuanzia Januari 2023 saa rasmi zikawa saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, wiki ikashuka kutoka 45 hadi 40, na shule zikasogezwa kuanza saa 2:30 ili wazazi wawahi kuwafikisha watoto.

Ndugu walioko Ghuba nao huulizwa kuhusu Dubai. Kilichoanza Falme za Kiarabu Januari 2022 ni siku nne na nusu kwa ofisi za serikali ya shirikisho, kazi ikiishia mchana wa Ijumaa. Sharjah ikaenda siku nne, nayo kwa serikali yake. Sheria ya kampuni binafsi ilibaki saa 48. Punguzo linalowagusa wafanyakazi wa kampuni ni la Ramadhani, saa mbili kwa siku.

Je, mtu akipunguziwa saa hazalishi kidogo? Inategemea unaanzia wapi. Mwanauchumi John Pencavel alipozipitia upya kumbukumbu za viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliona kwamba hadi karibu saa 49 uzalishaji ulikwenda sambamba na saa. Baada ya hapo kila saa iliongeza kidogo kuliko iliyotangulia, na aliyefanya saa 70 alizalisha karibu sawa na aliyefanya 56. Saa 14 zilikuwa za uchovu tu. Kwa hiyo kushuka kutoka 70 hadi 56 hakupotezi kitu. Kushuka kutoka 40 hadi 32 ni jambo jingine, linahitaji kupanga kazi upya.

Kwa upande wa afya, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio yao Mei 2021: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusishwa na vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo katika mwaka 2016. Ikilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, hatari ya kupata kiharusi ilikuwa juu kwa asilimia 35. Mlinzi wetu wa saa 84 yuko mbali sana ndani ya kundi hilo.

Majaribio yanayotajwa sana ni mawili. Iceland, kati ya 2015 na 2019, watumishi wapatao 2,500 wa jiji la Reykjavik na wa serikali walishushwa kutoka saa 40 hadi 35 au 36 kwa mshahara ule ule. Walifupisha mikutano, wakapanga zamu upya, na kazi ikaendelea. Baadaye mikataba ya vyama ikaeneza haki hiyo kwa sehemu kubwa ya wafanyakazi wa nchi. Hakukuwa na sheria ya kufuta Ijumaa. Na kwenye hospitali, ambako kazi ni ya kuwepo, serikali ililazimika kuongeza watu. Uingereza, mwaka 2022, kampuni 61 zenye wafanyakazi wapatao 2,900 zilijaribu kwa miezi sita kulipa mshahara kamili kwa asilimia 80 ya muda, na 56 ziliendelea baada ya jaribio. Matokeo mazuri, ila kampuni zile zilijitolea zenyewe, na nyingi zilikuwa ndogo na za kazi za ofisini. Ukizichukua kama ushahidi wa kiwanda cha saruji utakosea.

Chile ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi na nchi ya saa 45 kama Tanzania. Sheria yake ya Aprili 2023 inashusha wiki kwa ngazi bila kugusa mshahara: 44 mwaka 2024, 42 mwaka 2026, 40 mwaka 2028. Mwenye karakana anajua miaka mitano mbele lini gharama ya saa itapanda, ananunua mashine au anaajiri kwa wakati. Hispania ilitaka kushuka kutoka 40 hadi 37.5, Bunge likakataa Septemba 2025.

Ndani ya sheria ya Tanzania yenyewe kuna milango ambayo wengi hawaijui. Kwa makubaliano ya maandishi wiki inaweza kubanwa: hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwemo, bila ovataimu, mradi siku zisizidi tano na saa za wiki zisizidi 45. Siku nne za saa 11 za kazi ni 44. Wiki ya siku nne, basi, inaruhusiwa tangu zamani. Mlango wa pili ni mkataba wa hali bora kati ya chama na mwajiri, unaoruhusu kuhesabu saa kwa wastani wa kipindi kisichozidi mwaka. Hapo wastani wa saa za kawaida usizidi 40. Kwa viwanda vya msimu, kama vya korosho, ni njia ya kufanya kazi zaidi wakati wa mavuno na kidogo baada yake.

Mipango hii huharibika kwa njia zinazofahamika. Saa zinapunguzwa lakini majukumu yanabaki yale yale, kazi inahamia kwenye simu usiku. Wanaolipwa kwa kipande, kama wavunaji wa maua, wanapunguziwa saa bila bei ya kipande kupandishwa, na kipato kinashuka kimyakimya. Au wa ofisini wanapumzika Ijumaa huku wafagizi na walinzi wa jengo hilo hilo, walioajiriwa kupitia wakala, wakiendelea na ratiba ya zamani. Hawa wa mwisho husahaulika hata kwenye taarifa za mafanikio, na ndio wenye saa nyingi kuliko wote.

Kuna kundi kubwa ambalo sheria hizi hazilioni kabisa: wasio na mwajiri. Bodaboda wa pikipiki ya hesabu hupeleka kwa mwenye chombo kiasi kile kile kila siku. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 na anaingiza 2,500 kwa saa baada ya mafuta. Saa nne za mwanzo si zake. Akiendesha saa 12 anabaki na 20,000. Akishuka hadi saa tisa anabaki na 12,500. Amepunguza kazi kwa robo, kipato kimepungua kwa zaidi ya theluthi. Kumwambia apumzike bila kugusa hesabu ni kumwambia apunguze chakula nyumbani. Kinachoweza kumpunguzia saa ni mkopo nafuu wa kumilikisha pikipiki, au hesabu inayohesabiwa kwa safari badala ya kwa siku.

Kwa aliyeajiriwa, kazi ya kwanza ni daftari. Andika kila siku tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, muda wa chakula na kama uliachiwa kweli, na nani aliyekuagiza ubaki. Andika siku hiyo hiyo, maana daftari lililojazwa miezi sita kwa wino mmoja na mwandiko mmoja haliaminiki. Piga picha ya ratiba ya zamu ukutani kabla haijabadilishwa. Tunza slipu za mshahara. Jumlisha kwa wiki, toa 45, zidisha kwa bei yako ya ovataimu, uanze kwa kuipeleka hesabu hiyo kwa mwajiri kwa maandishi, ukibaki na nakala. Isipojibiwa, mlango unaofuata Tanzania Bara ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa Fomu Na. 1. Muda wa kupeleka mgogoro usiohusu kuachishwa kazi ni siku 60 tangu ulipotokea. Wa kuachishwa ni siku 30. Wengi hungoja mpaka waachishwe ndipo wadai ovataimu ya miaka mitatu, na hapo siku zimeshapita.